Juu ya Ekuteri: Tusikilize Bila Kunyima Wengine Usingizi

Sisi wa darasa la sita tulio na kazi ya ukapita bwenini, tunaombwa mara nyingi shauri juu ya jambo ambalo halimo katika masomo: mtu akishuka Baraka na faranga zake kidogo, anunue ekuteri za namna gani? Wengine wanaziita visikilizio, wengine nyuzi za masikio. Tutasema ekuteri, maana ndilo neno la soko.

Shauri linaombwa kwa sababu ya makelele. Bweni ni chumba kimoja na vitanda vinakaribiana. Saa tatu za usiku taa ya sola imezimwa, lakini huyu anafungulia korali, yule filme ya karate, wa tatu anatafuta mpira, na wa nne iko na interro ya kemia asubuhi. Mtu anaita, "Weye, punguza ile kitu!" Anajibiwa, "Si iko polepole tu." Basi, usiku hakuna telefone iliyo polepole. Kisauti chake chembamba kinapita ukuta wa mbao kuliko ngoma. Na si bwenini tu. Mwenye kusafiri kwa mtumbwi wa moto ziwani Tanganyika, ama juu ya mizigo ya kamyo katika barabara namba 5 ya kwenda Uvira, anajua taabu ya kusikia nyimbo tatu za watu watatu kwa mara moja.

Ekuteri zinaponya taabu ile. Lakini zinaleta nyingine, na ni juu ya hiyo tunataka kusema.

Kampuni ya Sony ya Japani ilipouza Walkman ya kwanza, mwezi wa saba 1979, ile mashine ya kaseti ya kutembea nayo ilikuwa na matundu mawili ya ekuteri, ili watu wawili wasikilize pamoja. Tena ilikuwa na kifungo cha rangi ya chungwa: ukikibonyeza muziki unashuka, na sauti ya mwenzako inaingia kwa mikro ndogo. Wakubwa wa kampuni waliogopa kwamba mtu kujifungia masikio mbele ya wenzake ingeonekana kukosa adabu. Nyuma kile kifungo kiliondolewa. Watu walizoea kujifungia. Sisi tunaona wale wa kwanza walikuwa na akili.

Sasa tuje sokoni. Wanafunzi wengi wanatamani zile zisizo na uzi, za Bluetooth, zinazolala ndani ya kisanduku kidogo. Ni nzuri, hatukatai. Lakini hesabu: kila sikio iko na batri yake, kisanduku kiko na ya tatu, na telefone ya ine. Kwetu ambako kuchaji ni kungoja jua ama kulipa kwa mwenye plake za sola, ine ni mingi. Tena katika filme nyingi sauti ya Bluetooth inachelewa kidogo, mdomo wa mtu unafunga na neno linakuja nyuma. Na moja ikianguka katika majani ya njiani, umebaki na nusu. Ya uzi haina batri hata moja. Kisha iko na faida ambayo matajiri wameisahau: katika telefone nyingi zinazoshika radio FM, ule uzi ndio antena. Ukiuchomoa, radio inanyamaza. Kwa hiyo kwa mwanafunzi wa huku tunasema uzi, bila kusita, isipokuwa kama telefone yako ni ya zile mpya zisizo na tundu la mviringo. Apple waliliondoa katika iPhone 7 mwaka 2016, na wengi wakafuata. Angalia telefone yako mbele ya kutoa pesa.

Usinunue bila kujaribu. Mfanyabiashara akikataa kukupa telefone ya kujaribia, pita kwa mwingine. Sikiliza upande wa L na upande wa R, kila mmoja peke yake. Halafu kunja uzi polepole pale unapotoka katika kile kichwa cha chuma, maana ni pale unapokatikia. Sauti ikikwama-kwama, rudisha. Kichwa chenye mistari mitatu ya duara ni cha ekuteri zenye mikro ya kuongelea, chenye mistari miwili hakina mikro. Kisha mpe mfanyabiashara azivae kwa sauti yako ya kawaida, wewe simama karibu kama kitanda na kitanda. Ukisikia wimbo, jirani yako naye atausikia.

Juu ya umbo, ndipo watu wanabishana. Kuna zile za plastiki ngumu zinazokaa mlangoni mwa sikio: zinaingiza sauti ya nje na kutoa kidogo ya ndani. Kuna zenye vimpira laini vinavyoziba tundu la sikio. Na kuna kaske, zile kubwa za kufunika sikio lote, ambazo tunazipenda kwa filme lakini huwezi kulala nazo kwa ubavu. Kuna hata zinazoua makelele kwa ufundi: mikro inasikia mngurumo wa nje, na ekuteri inatoa wimbi la kinyume chake, mawili yanafutana. Bwana Amar Bose wa Marekani alipata wazo lile akiwa katika ndege mwaka 1978. Kwa mngurumo wa moteri zinafaa ajabu. Ni bei ya mbuzi, na sisi hatusafiri kwa ndege.

Kwa bweni tunachagua vimpira. Sababu si jirani tu, ni sikio lako. Sikio likizibwa vizuri hauhitaji kupandisha sauti ili kushinda makelele ya wengine. Shirika la Afya Ulimwenguni linaweka kipimo cha desibeli 80 kwa masaa 40 ya juma. Ukifika 90, yamebaki masaa 4 tu kwa juma zima. Ndani ya sikio kuna chembe zenye vinywele vidogo vinavyopokea sauti, nazo zikifa haziotei tena. Mwenye kutoka katika filme na masikio yanalia "nziiii" amekwisha pita kipimo. Tena vimpira vipanguzwe, sana sana kwa wale wanaoazimana. Na wawili wanaogawana ekuteri moja wajue kwamba kila sikio linapata upande wake wa muziki; ndiyo maana mmoja anasifu soprano na mwenzake anashangaa ni soprano gani. Telefone nyingi ziko na mahali pa kuchanganya pande mbili kuwa moja, katika marekebisho.

Lakini vimpira vile vile, njiani, tunavikataa. Hapa kapita hasemi tena kama kapita.

Mwezi wa kumi 2021 vijiji vya Bibokoboko vilishambuliwa, nyumba zikachomwa, watu wakakimbia. Wakati ule sisi tulikuwa watoto. Hatukuamshwa na telefone wala na kengele. Mtu mzima mmoja alisikia, akaita wa pili, na wa pili akaita sisi. Mama zetu mpaka leo wanalala na sikio moja wazi, na hawakufundishwa na mtu. Basi tukiona mdogo wetu anapanda mlima masikio yote mawili yamezibwa, kichwa kinacheza, hajui kama pikipiki iko nyuma, hajui kama ng'ombe wanashuka, hajui kama mzee amemsalimia mara mbili, moyo unatushika. Mzee atasema kijana huyu hana adabu. Hilo ni dogo. Njiani tunataka sikio moja nje, na lile la upande wa barabara. Kwa kutembea zile za plastiki ngumu zinatosha, ingawa bas zake ni mbaya. Na mahali pa kona, ama pahali watu wamenyamaza kuliko kawaida, toa zote mbili.

Kuna neno lingine ambalo hatukukubaliana wote. Radio. Mbele, jioni, radio moja ilisikilizwa na nyumba nzima pamoja na jirani, na habari za Radio Okapi, tangu ilipoanza 2002, watu walizibishania mpaka chakula kinapoa. Leo baba anavaa uzi wake, anatikisa kichwa, mama anauliza, "Wanasema nini?" naye anajibu, "Ngoja." Bwenini kwetu tumepanga hivi, na mwalimu wa interna amekubali: habari za jioni zinafunguliwa kwa sauti uani, kwa sababu si kila mtu iko na telefone, na mwenye kuzisikiliza peke yake anaombwa achomoe. Kutoka saa tatu, ni uzi tu. Wengine wanasema hata uani ni kusumbua. Tumewaomba wakasomee katika darasa la tatu, dirisha lake linaangalia upande mwingine.

Mwisho, ekuteri iliyokufa upande mmoja isitupwe. Mara nyingi ni uzi uliokatika karibu na kichwa, na kuna mwanafunzi wa darasa la ine anayejua kuuchomelea. Hataki malipo, lakini risasi yake ya kuchomelea imeisha. Atakayeshuka Baraka Jumamosi aje kwetu mbele ya kuondoka, tutampa pesa ya kununua.

Kapita wa bweni, darasa la sita