Kwa Mpwa Wangu Anayetafuta Timu Mpya

Kapsoya, Eldoret
19 Mei 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako hajambo, na kogo, nyanya yako, amesisitiza nikuulize kama unakula vizuri, maana kwenye picha ulizotuma amekuona umekonda. Mahindi yameota vizuri na mvua haijatuangusha. Wapenzi wa vikapu nao wana lao siku hizi: Nairobi City Thunder wako Kigali, timu ya kwanza ya Kenya kufika hatua kuu ya Ligi ya Vikapu ya Afrika, na majirani ambao miaka yote wamejua mbio tu sasa wananisimamisha njiani kuniuliza ribaundi ni kitu gani.

Ujumbe wako nimeusoma, na video zote nimezitazama. Unasema jina lako limeshaingia kwenye orodha ya wanaohama, makocha wawili wamekupigia simu, na unataka nikusaidie kuchagua. Halafu ukaongeza: "Madina amehamia South Carolina, kwa nini mimi nisiende timu kubwa?" Nitaanza na Madina, kwa sababu uhamisho wake ukiuelewa vizuri, wako utaupima mwenyewe.

Kabla sijamfikia, kumbuka kwamba sisi wa Eldoret tumelelewa na saa ya kupimia mbio. Paul Chelimo, kijana wa Iten, alianzia chuo cha Shorter kule Georgia kisha akahamia University of North Carolina Greensboro. Shadrack Kipchirchir alitoka Western Kentucky akaenda Oklahoma State. Makocha waliowapokea walijua wanapokea nini, maana muda wa mkimbiaji ni wake peke yake; hakuna mwenzake aliyempa pasi ili aumalize mzunguko. Wote wawili walifika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 wakiiwakilisha Marekani, na Chelimo akarudi na medali ya fedha ya mita 5,000. Ndiyo maana watu wetu wakisikia mwanariadha amehama chuo huuliza swali moja tu: anakimbia kwa dakika ngapi?

Kwenye vikapu swali hilo halitoshi. Pointi inaandikwa kwa jina lako, lakini imepitia mikono ya wenzako. Kuna aliyemzuia mlinzi ili upite, kuna aliyekupa mpira kwa wakati, kuna mrefu aliyesimama chini ya kikapu hadi wapinzani wakamfuata yeye na kukuacha wewe wazi. Ukihama, hao wote wanabaki. Kwa hiyo mchezaji anayehama hapimwi kwa kuuliza amefunga ngapi. Unauliza ni sehemu gani ya takwimu zake ni mali yake, na ni sehemu gani aliazimwa na timu.

Sasa mchukue Madina Okot. Binti wa Mumias, urefu wake sentimita 198, ametoka Chuo Kikuu cha Zetech pale Ruiru akaenda Mississippi State. Msimu uliomalizika alikuwa na wastani wa pointi 11.3 na ribaundi 9.6 kwa mchezo, na zaidi ya asilimia 60 ya mitupo yake iliingia. Timu yake ilifika mashindano ya kitaifa, ikaifunga California, ikachapwa na USC katika raundi ya pili. Mwezi uliopita akachagua South Carolina ya kocha Dawn Staley, mabingwa wa 2017, 2022 na 2024, ambao mwaka huu walipoteza fainali kwa UConn, 82 kwa 59.

Anza na asilimia ya mitupo. Ni kubwa kwa sababu Madina hurusha akiwa karibu na kikapu, na mpira humfikia pale kwa sababu kuna mtu aliyeufikisha. Pale Mississippi State kulikuwa na Jerkaila Jordan, mlinzi ambaye kila timu ilipanga kwanza namna ya kumzuia. Sehemu ya zile pointi 11.3 basi ni ya wenzake. Ribaundi ni habari nyingine. Mpira uliokosa kikapu hauna mwenyewe. Anaupata aliyejua utaangukia wapi, akaweka mwili wake mbele ya mpinzani na kuruka kwa wakati. Urefu hauachwi Mississippi State, wala hiyo akili ya kusoma mpira. Hata ribaundi zinaweza kupungua kidogo, kwani kule anakokwenda kuna wengine wanaojua kuruka, lakini kazi yenyewe anaondoka nayo.

Kisha angalia anakokwenda. Sania Feagin, mmoja wa warefu wa South Carolina, amemaliza muda wake na kuchukuliwa na timu ya kulipwa ya Los Angeles Sparks. Wakati huohuo kocha Staley amemchukua Ta'Niya Latson wa Florida State, aliyeongoza Marekani nzima kwa wastani wa pointi 25.2. Ukiwasoma wawili hao pamoja utaona nia ya kocha. Latson ameitwa afunge, na nakuhakikishia hatafunga 25 tena, kwa sababu pale mpira unagawanywa. Madina ameitwa kujaza pengo lililo wazi chini ya kikapu. Ukiniuliza nani kati yao ambaye takwimu zake zitasafiri salama, nitakujibu ni Madina, ingawa jina kubwa ni la mwenzake.

Hilo la kugawana usilipuuze. Kamilla Cardoso wa Brazil alipokuwa Syracuse alikuwa na wastani wa pointi 13.6 katika mwaka wake wa kwanza. Akahamia South Carolina mwaka 2021, akamkuta Aliyah Boston amekaa kwenye nafasi ileile. Wastani wake ukashuka hadi pointi 5.4. Aliyetazama karatasi tu angesema msichana ameharibu maisha yake. Lakini msimu ule walitwaa ubingwa. Boston alipoondoka, Cardoso akapanda. Mwaka 2024 akaibuka mchezaji bora wa fainali, timu ikamaliza msimu bila kupoteza mchezo hata mmoja, naye akachaguliwa wa tatu katika uteuzi wa wachezaji wa kulipwa, na Chicago Sky. Cardoso alikuwa na muda wa kusubiri. Madina hana miaka mitatu ya namna hiyo, ndiyo maana pengo la Feagin lina uzito kwake kuliko jina lililoandikwa kifuani mwa jezi.

Sasa tuje kwako.

Wastani wako ni pointi 12, asisti 5, na mpira unaupoteza mara 4 kwa mchezo. Nilipokuwa nikifundisha hesabu na kuwapeleka wasichana wa shule uwanjani jioni, niliwaambia waanze na dakika. Mwenye pointi 10 kwa dakika 20 anafunga kwa kasi kuliko mwenye 14 kwa dakika 35: ukikokotoa kwa mchezo mzima wa dakika 40, wa kwanza anapata 20 na wa pili 16. Wewe umecheza karibu mchezo mzima kila siku kwa sababu chuo chako hakikuwa na mlinzi mwingine wa kutegemewa. Pointi 12 zako, mpwa wangu, ni za mtu aliyeachiwa mpira. Si aibu, lakini usiende kuziuza kama vile ungezipata popote.

Asisti 5 kwa kupoteza 4 ndiyo tarakimu itakayomsumbua kocha yeyote makini. Nilipotazama video niliona kitu ambacho karatasi haisemi: mara nyingi unapoteza mpira mwishoni mwa robo ya tatu na mwanzoni mwa ya nne, miguu inapochoka. Mapema katika mchezo, pasi zako ni safi. Hapo wenzako wanakuponza, kwa maana hakuna wa kukupumzisha. Ukipata timu yenye mlinzi wa pili, nadhani mipira unayopoteza itapungua kabla hata hujafundishwa jambo jipya. Kocha akikuuliza kuhusu hilo, mwambie atazame dakika zenyewe, usijitetee kwa maneno.

Mitupo yako ya mbali inaingia asilimia 29 tu, na unaogopa watasema hujui kurusha. Lakini mitupo yako huru ni asilimia 84. Pale kwenye mstari hakuna anayekuzuia wala anayekupa pasi. Ni wewe, mpira na kikapu, kama mkimbiaji na saa yake. Hiyo 84 ni yako kabisa. Inaonyesha mkono wako ni mzuri, na kwamba mitupo mingi ya mbali uliirusha ukiwa umebanwa, saa ya kushambulia inakwisha, na hakuna mwingine wa kuirusha. Kocha anayejua kazi yake ataliona hilo. Asiyeliona, ambaye anakusifia pointi 12 tu, hajakutazama. Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini. Nami naongeza kwamba asiyekutazama anaweza kukusifu sana.

Kwa hiyo yule kocha wa kwanza, wa chuo kikubwa, muulize ni mchezo gani wako mzima aliouona, na hasa kama ameuona mmoja mliopoteza. Video fupi za vikapu vizuri hazimfundishi mtu chochote. Muulize ana walinzi wangapi wanaorudi msimu ujao, na wewe unasimama wa ngapi. Kwa hesabu yangu kutokana na orodha yao, ni wanne, na wawili wamebakiwa na miaka mitatu. Huyu wa pili chuo chake ni kidogo, lakini mlinzi wake aliyekuwa akianza amemaliza masomo, na aliyekuwa akimsaidia amebaki. Pengo lipo, na wa kukupumzisha yupo. Mimi ningekwenda huko. Nimesema waziwazi kwa sababu umeniuliza, lakini mwenye kuishi huko ni wewe.

Kuna mambo mengine ambayo hayaonekani kwenye karatasi ya alama. Tangu Aprili 2024 sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinamruhusu mchezaji kuhama zaidi ya mara moja bila kukaa nje msimu, mradi masomo yake yako sawa. Wenzako wanasikia neno kuhama na kusahau neno masomo. Kabla ya kuanza mwaka wa tatu unatakiwa uwe umekamilisha asilimia 40 ya shahada unayosomea, kabla ya wa nne 60, na kabla ya wa tano 80. Hesabu hiyo inafuata shahada ya chuo kipya, na chuo kipya kinaweza kukataa baadhi ya kozi ulizosoma. Mchezaji anaweza kuwa mzuri kuliko wote mazoezini, kisha akakaa benchi akiwa amevaa nguo za nyumbani kwa sababu ya kozi zilizokataliwa. Omba chuo kikuandikie kozi gani watazipokea kabla hujasaini.

Visa yako nayo ni ya mwanafunzi. Kumbukumbu zako lazima zihamishwe kutoka ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo cha zamani kwenda ile ya chuo kipya, na uwe na hati mpya mkononi kabla ya kusafiri nje ya Marekani. Na hizo hela unazozisikia, ambazo tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia majina na picha zao, zinakuhusu kidogo kuliko unavyodhani. Mmarekani akitangaza viatu analipwa. Wewe mwenye visa ya masomo ukifanya kazi isiyoruhusiwa unahatarisha kukaa kwako. Mtu akikuahidi fedha za namna hiyo, nenda kwanza kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni, usianzie kwa rafiki wa kocha.

Ahadi zote ziandikwe. Hapa kwetu hili halihitaji maelezo marefu: mwaka 2023 uliwaona mwenyewe wazazi wakiandamana mjini kwa ajili ya karo za Finland na Kanada walizolipa kupitia mpango wa kaunti, wengi wao wakiwa wameuza mashamba na ng'ombe. Ufadhili uandikwe unagharamia nini: karo, malazi, chakula, vitabu, na kwa miaka mingapi. Kumbuka pia kwamba ukishaingiza jina kwenye orodha, chuo unachotoka hakilazimiki kukuwekea ufadhili wako. Kwa hiyo usimkatalie kocha wa pili kwa simu huku ukimsubiri wa kwanza akuandikie.

Nitumie mambo matatu kabla ya kusaini popote: barua ya ufadhili kutoka kila chuo, orodha ya kozi watakazozipokea, na majina ya walinzi wanaorudi pamoja na miaka waliyobakiwa nayo. Nitayapitia pamoja na mama yako, kwa sababu naye ana haki ya kujua binti yake anakwenda wapi, kisha tutakupigia Jumapili jioni kwa saa zetu. Na tafadhali kula, kogo hatanipa amani.

Mjomba wako akupendaye.