Baada ya Barafu, Tulipita Makka

Tangu turudi, mabibi harusi wanaokuja dukani kupima magauni hawaulizi tena lesi. Wanauliza barafu!

Fungate yetu ilichelewa miaka tisa. Tulioana na cherehani moja na deni la ukumbi. Tulipojaaliwa, tukachagua meli ya visiwa vya Svalbard, kaskazini kabisa ya Norwe. Siku za melini ni chache na njia ni ndefu, ndiyo maana watu huongeza vituo.

Cha kwanza kilikuwa Oslo, kwa wifi. Alitupeleka kwenye makumbusho ya Fram, merikebu ya mbao aliyosafiria Amundsen alipoiendea Ncha ya Kusini, akafika Desemba 1911. Unaingia mpaka ndani, unaona vyumba walivyolala.

Jambo moja la kuzingatia: Svalbard iko nje ya eneo la Schengen. Ukienda na kurudi Oslo umeingia mara mbili, basi omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

Kule wakati wa kiangazi jua halizami. Kabla ya kuondoka tulimuuliza sheikh wetu, akatuambia tufuate saa za mji wa karibu ambao usiku na mchana hutengana. Tuliziandika kwenye karatasi, tukaibandika ukutani. Tumeswali Isha jua likitumulika usoni. Chakula tuliagiza samaki mapema.

Ila kituo cha kurudi kilitugombanisha tangu nyumbani. Tiketi ilipita Istanbul. Mmoja wetu, fundi, alitaka siku nne za kununua lesi na shanga. Mwenzake akanyamaza. Siku mbili nyumba kimya. Usiku wa tatu akasema: mama yake alifariki hajaiona Makka. Pesa alizokuwa akimwekea ndizo tulizonunulia cherehani ya pili. Mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Nunueni, mimi nitakwenda mwakani."

Duka letu lote limesimama juu ya cherehani ile. Hatukubishana tena.

Basi Istanbul tulikaa usiku mmoja tu. Mume akavaa ihramu uwanja wa ndege, tukanuia angani ndege ilipokaribia mpaka wa miqati. Makka kila mmoja alifanya umra yake kwanza. Kisha mume akatoka hadi Tan'im, akahirimia umra ya mama. Aliporudi amenyoa, alikaa kitako sakafuni akalia kama mtoto. Tulilia wote.

Lesi tumeagiza kwa simu, zimefika, nzuri tu.

Bi harusi, ukipanga fungate, iwe ya barafu au ya Pemba, muulize mwenzio: kuna mahali unadaiwa kufika? Anzeni na hapo kuhesabu pesa.

Allah amrehemu mama, na azipe baraka ndoa zenu. Amin.