Kideri Hakina Miguu, Lakini Kimefika Dagahaley

Ndugu msomaji, kama umewahi kufuga kuku wa kienyeji, kideri unakijua hata kama hujui jina lake. Kuku husinzia mchana kweupe, akahara kijani, shingo ikapinda kama anayetafuta kitu mgongoni, na kabla juma halijaisha banda ni tupu. Waganga wa mifugo huuita ugonjwa huo Newcastle.

Hapa Dagahaley, katika kambi za Dadaab, fahari ya majirani wengi ni mbuzi na ngamia. Hata hivyo bibi mmoja wa mtaa wetu, ambaye sote twamwita ayeeyo, yaani nyanya, alikuwa na kuku 14, na mayai yao ndiyo yaliyomnunulia mjukuu madaftari na sare. Siku moja jamaa yake alimletea matetea wawili kutoka Garissa, ndani ya tenga juu ya basi. Siku kumi baadaye alikuwa amebaki na kuku wawili tu.

"Mwalimu," akaniuliza, "ugonjwa huu umetoka wapi?"

Jibu fupi ni Garissa. Jibu refu ni hili. Mwaka 1926 kuku walikufa kwa wingi katika kisiwa cha Java, na mwaka uo huo wakafa karibu na mji wa bandari wa Newcastle, Uingereza. Mtaalamu aitwaye Doyle aliupa ugonjwa jina la mji huo, akidhani ni la muda tu. Karibu miaka mia imepita, na wenyeji wa Newcastle wangali wanalibeba! Kwetu Kenya uliandikwa mara ya kwanza Mombasa, mwaka 1935, kisha ukapanda bara. Mwaka 1971 ukaingia California pamoja na kasuku walioletwa kuuzwa, na kuku karibu milioni 12 wakauawa ili kuuzima.

Kila kinapojinakili, kirusi hicho hukosea kidogo. Maandishi yake ya urithi yana herufi kama 15,000, na makosa hayo hupita kutoka kizazi hadi kizazi. Wataalamu huyasoma kama mtoto wa Kisomali anavyotaja mababu zake mmoja mmoja. Kwa njia hiyo wamegundua kwamba ukoo mmoja uliopatikana Kenya, Uganda na Tanzania una binamu zake Mexico na Amerika ya Kati. Nilipomweleza ayeeyo hayo alicheka, akasema hata watu wa kambi hii hawana jamaa waliotawanyika hivyo.

Lakini kirusi hakina miguu wala mabawa yake. Kuku aliyeambukizwa huweza kukaa siku tano au sita, pengine hata 15, kabla ya kuonyesha dalili. Mfugaji akiona wawili wamekufa, huwakimbiza waliobaki sokoni wasije wakamfia. Simlaumu sana, maana naye ana karo ya kulipa. Ila lile basi la Garissa hufanya kazi ile ile iliyofanywa na meli za zamani. Ndiyo maana mjukuu wa ayeeyo amejenga kibanda kando, ambamo kuku mgeni atakaa majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Dawa ya kuponya hakuna, chanjo ipo. Taabu ni kwamba chanjo nyingi hutaka barafu, nasi huku joto hukaribia nyuzi 40. Watafiti wa Australia walitengeneza moja iitwayo I-2 inayovumilia joto kuliko zile za awali, na Tanzania imeitumia miaka mingi kwa kuku wa vijijini: tone moja jichoni, tena kila baada ya miezi mitatu au minne. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa boma moja, kwa hiyo afadhali majirani wachange na kuchanja siku moja. Asubuhi na mapema, msomaji, kabla kuku hawajafunguliwa; wakishatoka bandani utawakimbiza hadi adhuhuri.