Nilimwambia Mama "Sori"

Leo sina habari ya singo wala ya piko. Nataka tuzungumze juu ya kineno kidogo cha Kiingereza ambacho sote tunacho mdomoni, aliyesoma na asiyesoma: sori. Kineno hiki nusura kinifanye niolewe bila radhi ya mama yangu.

Mimi ni mtoto wa Tanga, wa Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nimeolewa Pemba, na sasa Wete ndiko kwangu. Wiki ya harusi yangu nilikosana na mama, na kisa kilikuwa ukumbi. Mama alitaka shughuli iwe nyumbani, uwani, chini ya turubai, majirani wasaidiane kukuna nazi kama alivyofanyiwa yeye. Mimi nilitaka ukumbi wenye jukwaa, maua na mpiga picha. Tulivutana siku tatu. Siku ya nne, mbele ya shangazi zangu wawili, nikamwambia: "Mama, hizo ni harusi za watu wasio na uwezo."

Mama yangu amenisomesha kwa vitumbua. Kila alfajiri, kabla ya adhana, alikuwa jikoni. Siku ile hakunijibu. Alichukua ungo wake wa mchele akaingia ndani.

Usiku nikiwa kitandani moyo ukanisuta. Nikachukua simu nikamwandikia: "Sori mama." Nikaweka na kopa jekundu. Chumba chake na changu vimetenganishwa na ukuta mmoja tu, nikasikia simu yake ikilia upande wa pili. Ujumbe ukasomwa, jibu halikuja. Nami nikalala, nikijiona nimeshamaliza deni langu. Kesho yake tukapishana kwenye korido kama wapangaji. Kesho kutwa hivyo hivyo.

Bibi yangu mzaa mama akafika kutoka Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Alivuka kwa pantoni akapanda gari mpaka Tanga mjini, na nazi zake kwenye kikapu. Hakupita saa moja ndani ya nyumba akajua kuna jambo. Akaniita.

"Umemfanya nini mwanangu?"

"Tulikorofishana kidogo, bibi. Lakini nimeshamwambia sori."

"Sori ndiyo nini?"

"Ni kuomba msamaha, kwa Kiingereza."

"Mamako Mwingereza?"

Nikanyamaza. Akaendelea: "Ulimwambia umekaa wapi?"

"Nilimwandikia kwenye simu."

"Yeye alikuwa wapi?"

"Chumbani kwake."

Bibi akautazama ule ukuta, akanitazama mimi. "Inuka," akasema. "Nenda kamtake radhi. Na hao shangazi zako niitie waje. Ulilolisema mbele ya watu ukalifute mbele ya watu."

Shoga zangu, nilikuwa naisikia "niwie radhi" tangu utotoni bila kuifikiria. Radhi ni neno la Kiarabu, maana yake ni kuridhika, moyo kutulia juu ya mtu au jambo. "Niwie" ni kutoka "kuwa": kuwa kwangu, uwe juu yangu. Basi anayesema niwie radhi anamwomba mwenziwe moyo wake ufike mahali pa kuridhika naye. Huwezi kuitupia ukutani. Unaisema ukiwa mbele ya mtu, halafu unangoja, kwa sababu uamuzi uko kwake.

Nilimkuta mama anapepeta mchele. Nikakaa chini mkekani. "Mama, niwie radhi. Nilikutweza mbele ya watu, na wewe ndiye uliyenifikisha hapa." Shangazi zangu wamesimama mlangoni. Mama akaendelea kupepeta mpaka nikadhani hatajibu. Kisha akauliza: "Umekula?"

Nikasema bado. Akasema: "Nimekuwia radhi. Nenda kale." Machozi yalimtoka akiwa ameinamia ungo.

Siku mbili baadaye baba aliingia chumbani na mashahidi wawili kuniuliza kama nimeridhia aniozeshe. Nilipotamka "nimeridhia," nilishtuka ndani ya buibui langu. Ni neno lile lile. Ridhaa ninayoulizwa mimi ili ndoa ifungwe, na radhi niliyoiomba kwa mama, zimetoka shina moja. Nikawaza: ningewezaje kuitoa ridhaa yangu kwa moyo safi ilhali mwenye radhi yangu yuko chumba cha pili hanisemeshi?

Baada ya kuolewa nikakaa na kamusi kutafuta hiyo sori yenyewe. Nilidhani ni neno jepesi, kumbe nilikuwa nalionea. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita Waingereza walisema *sarig*, na maana yake ilikuwa mwenye maumivu, aliyejaa uchungu. Limetokana na *sar*, ambalo leo ni *sore*, kidonda au mahali panapouma. Wengi hudhani sori ni ndugu wa *sorrow*, yaani huzuni, lakini hilo lina asili yake nyingine, yamekaribiana tu kwa sauti na kwa maana. Wajerumani nao, ambao waliitawala Tanga yetu mpaka Waingereza walipoitwaa mwaka 1916, wana ndugu wa neno hilo: *sehr*. Zamani lilihusu maumivu, leo kwao ni "sana" tu. Hao hao ndio waliotuachia "shule," ndiyo maana huku Pemba mkisema "skuli," kwa Kiingereza, wifi zangu hunicheka mimi na "shule" yangu.

Basi sori mwanzoni ilikuwa ni kusema: naumwa, nina kidonda ndani kwa nililokufanyia. Karne zikapita, neno likachakaa. Leo Mwingereza husema sori akikugusa bega njiani, husema sori akiwa hakukusikia, na kitu duni kilichochoka nacho hukiita *sorry*. Neno moja linabeba mizigo minne.

Sisi mizigo hiyo tumeigawa. Mtu akijikwaa, akifiwa, akirudi kazini, tunamwambia pole, ndugu wa "polepole" na "mpole," kama kumwambia jambo lipite kwako taratibu. Tukitaka kupita au kuuliza, tunasema samahani, kutoka Kiarabu, kwenye shina lenye maana ya ukarimu na wepesi wa kusamehe. Tukiwa tumemuumiza mtu, tunamtaka radhi. Ndiyo maana Mswahili akiongea Kiingereza humwambia sori mtu aliyejikwaa, na mgeni hushangaa: mbona si wewe uliyeniangusha? Hajui kwamba anapewa pole.

Kosa langu mimi lilikuwa kutoa sori ya kugusana bega kwa kidonda kilichotaka radhi.

Na dini yetu imelipanga jambo hili vizuri. Wanazuoni wametufundisha kwamba toba ina masharti: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Likiwa linahusu haki ya binadamu mwenzio, linaongezeka la nne: umrudishie haki yake au umtake radhi. Tena Mtume, rehema na amani zimshukie, ametukataza Waislamu kuhamana zaidi ya siku tatu. Mimi na mama tulikuwa tumefika siku ya pili na hesabu inakwenda. Na upande wa aliyekosewa, Qur'ani katika Sura Aal Imran, aya ya 134, inawasifu wanaozuia hasira zao na kuwasamehe watu. Mama aliifanya aya hiyo kwa neno moja: "Umekula?"

Mtauliza na ukumbi je? Mama mwenyewe alikataa nivunje mpango, tukaenda ukumbini. Lakini siku ya singo ilikuwa uwani, chini ya turubai, na majirani walikuna nazi. Picha ninazozitazama mpaka leo ni za siku hiyo.

Bi harusi wangu unayesoma hapa, wiki ya harusi ina joto. Utamjibu mtu vibaya, na huenda akawa mama, dada au wifi mtarajiwa. Usimalize kwa simu. Nenda, kaa chini, litaje kosa lako kwa jina lake, halafu ngoja. Na mumeo akikwambia sori mlangoni huku anavua viatu, usimvamie kwanza. Mtazame usoni, huenda ameileta ile ya zamani, yenye kidonda.

Mwaka jana mama alivuka kuja Wete kunitazama. Mwanangu akaungua kidole kwenye kikombe cha chai, akalia. Mama, asiyejua Kiingereza, akamkumbatia anampuliza kidole: "Sori, sori mwanangu, sori." Nilisimama na kitambaa cha maji mkononi nikimsikiliza. Alikuwa anaumwa pamoja naye.

Kama kuna mtu yuko chumba cha pili anangoja, dada yangu, inuka.