Mama Anapojiita Mlafi, Mtoto Husikia

Saa tatu usiku, watoto wakishalala, mama mmoja wa watoto watatu mjini Same hufungua mfuko wa chipsi mayai alionunua karibu na stendi akitoka kufunga biashara. Hula amesimama jikoni, haraka, macho kwenye simu. Chipsi zikiisha hajui kama ameshiba. Anachojua ni hasira: "Mlafi wewe!" Kesho yake hujiadhibu kwa chai kavu mpaka mchana. Jioni njaa humrudisha palepale.

Alipopimwa na kukutwa na shinikizo la juu la damu, alizidi kujikaripia. Kilichomshtua ni binti yake wa miaka tisa, aliyemkuta nyuma ya nyumba akila andazi kwa kujificha.

"Nisamehe mama. Mimi ni mlafi kama wewe."

Wengi tunaamini kujisema vibaya ndiko kunakotunyoosha. Wanasaikolojia wa Marekani, Claire Adams na Mark Leary, walichapisha utafiti mwaka 2007 ulioonyesha vingine. Wanawake walikula donati, kisha baadhi wakaambiwa wasijilaumu, kwa kuwa kila mtu hula vitu hivyo mara mojamoja. Walipowekewa peremende baadaye, wale wenye tabia ya kujinyima walikula kidogo zaidi kama walikuwa wameambiwa maneno hayo. Anayejilaumu huumia, na aliyeumia hutafuta kitulizo. Mafuta na sukari viko karibu.

Likizo ilipofika, mama alipanda na watoto milimani, Mamba, kwa bibi yao. Yakapikwa makande, wakakaa pamoja, simu zikabaki chumbani.

"Kula taratibu mwanangu, makande hayakimbii," bibi alimwambia.

Siku hiyo alishiba kabla sahani haijaisha, na alishangaa kulijua hilo.

Sasa, kabla ya kununua, hujiuliza: nina njaa, au nimechoka? Akinunua, huketi mezani na kula polepole. Akizidisha, hujiambia kile ambacho angemwambia binti yake: "Imetokea, kesho ni siku nyingine." Kliniki anaendelea kwenda na dawa anameza, maana upole kwa nafsi haushushi shinikizo peke yake.

Wiki iliyopita binti yake aliomba andazi mezani, mbele ya wageni. Alilila taratibu, akaacha nusu.