Kutafuta chuo cha kuimba na kuigiza

Sisi tuko hapa Jinja.

Binti yetu anaimba, anacheza ngoma, anaigiza, na anataka chuo chenye yote matatu. Mwanzoni tuliulizia jina la kozi, kila mahali tukajibiwa hakuna. Basi tukaulizia masomo yenyewe. Makerere wana idara tangu 1971, zamani ikiitwa Muziki, Dansi na Drama, leo Sanaa za Maonyesho na Filamu. Tanzania kuna TaSUBa ya Bagamoyo, chuo cha serikali cha tangu 1981, kinatoa cheti na diploma.

Makerere ni digrii. Mtoto ana diploma ya sekondari ya Kongo, na sharti UNEB wailinganishe kwanza na ya Uganda. Hilo hatukulijua, tukapoteza mwaka mzima. Mtoto alilia, baba akanyamaza siku mbili. Jamani, pelekeni karatasi mapema, hata kabla ya kuchagua chuo!

Na ada? DAFI ya UNHCR husomesha mkimbizi chuo kikuu katika nchi iliyompa hifadhi, kwa hiyo Bagamoyo haimo. Nafasi zenyewe chache. Tumeanza na Makerere. Fomu ya Bagamoyo mama ameiweka sandukuni, pamoja na pesa ya basi.