Mashine ya mjomba na msumari wa fundi

Haya jamani, siasa ipumzike leo. Nimerudi juzi kutoka Mafia nikiwa na malengelenge viganjani kwa kuvuta kamba ya kuwashia mashine ya boti ya mjomba wangu. Ni mashine ya nane, yaani nguvu farasi 8, ile aina ya zamani ya kuchanganya oili na petroli kwenye tangi moja. Rangi yake ya mwanzo hakuna anayeikumbuka. Ila kwa mashine hiyo hiyo mjomba huvusha watu na samaki kati ya Juani na Utende, na ada za binamu zangu watatu zimetoka humo.

Visa vyake havihesabiki. Siku moja inazimika katikati ya ghuba kwa sababu petroli ya kwenye chupa ilikuwa na maji. Siku nyingine raba ya pampu imekwisha, ule mchirizi wa maji wa pembeni unakatika, na mashine inaanza kunuka. Mjomba ana sheria yake: "Ikiacha kukojoa, zima! Maswali baadaye."

Lakini kisa cha pini ndicho kilichonikaa rohoni.

Kwenye mashine ndogo za zamani, propela hushikwa kwenye shafti na kipini chembamba cha madini laini kama shaba. Propela ikigonga mwamba, kipini kinakatika, mashine inaunguruma lakini chombo hakiendi. Mgeni atasema imeharibika. Kumbe kipini kimekufa ili gia zipone. Unainua mashine, unachomeka kingine, safari inaendelea.

Mwaka jana vipini vilimwishia mjomba, akaipeleka mashine kwa fundi mmoja. Huyo bwana akakata msumari wa chuma kigumu, akauchomeka. "Mzee, huu haukatiki tena, utanikumbuka!"

Na kweli haukukatika. (Mimi fundi akiniapia kwamba kitu chake hakivunjiki, siku hizi naondoka taratibu.)

Tulikuwa tunatoka Juani na abiria sita. Mmoja alikuwa mama aliyempakata mtoto mwenye homa kali, anawahi hospitali ya Kilindoni. Maji yalikuwa ya bamvua, tena yanapwa. Wanaoijua Ghuba ya Chole wanaelewa: bamvua huko maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakitoka hukimbilia Mlango wa Kinasi, kuelekea bahari kuu. Propela ikagonga mwamba. Tukasikia mlio kama bati linapasuliwa, halafu mashine ikalia tupu. Minazi ya Juani ikaanza kusogea pembeni yetu, pole pole, kisha si pole pole tena.

Mjomba hakusema neno. Akatupa nanga, ikaburuzika. Akaivuta, akatupa tena, ikaburuzika. Ya tatu ikashika. Chomboni kafi lilikuwa moja na jaketi la kuokolea lilikuwa moja, tukamvika mama. Mtoto alikuwa halii tena, na hilo lilinitisha kuliko maji.

Ikapita ngalawa ya wavuvi, ikawachukua mama na mwanawe kwanza. Sisi tulifuata baadaye, tumelowa na hakuna aliyetaka mazungumzo. Mtoto alitundikiwa dripu, akapona. Gia za mashine hazikupona: fundi mwingine alipozifungua, oili ilikuwa imejaa vipande vya chuma. Vipuri vilitoka Dar, na kwa miezi miwili mjomba alivusha watu kwa tanga, upepo ukipenda.

Kwa yule fundi wa msumari hakwenda kugombana. Alikwenda kununua shaba. Sasa vipini kumi vinaning'inia kwenye mshipi karibu na mkono wa usukani, na makafi ni mawili. Majaketi bado hayatoshi, tunagombana kila nikipiga simu.

Safari hii nikamwambia, "Mjomba, iuze, tuchange tununue mpya."

"Mpya nitajifunza lini magonjwa yake?"

Kesho yake, karibu na Chole, kipini kikakatika. Akaniachia mimi. Nilikibadilisha kwa dakika kumi na mbili, yeye akitazama saa na abiria wakinicheka. "Mtoto wa Dar," akasema, akanipa kamba nivute.